Redio za FM Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikaa kwenye meza ya mitambo ya stesheni moja ya mjini kwa miaka kadhaa. Nimeshatoka, lakini watu hawajaacha kuniuliza: barazani, garini, msibani, hata kwenye foleni ya boflo alfajiri. Maswali ni yale yale, basi nimeyaweka hapa na majibu yangu. Mwenye haraka na aruke hadi linalomhusu.

Zanzibar kuna redio gani za FM?

Mkubwa wao ni ZBC Redio, redio ya Serikali. Ilianza 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na 2013 ikaunganishwa na televisheni ndipo tukapata ZBC. Majina yamebadilika mara mbili, lakini ukisema "wametangaza Raha Leo" hakuna asiyekuelewa, maana Raha Leo ndio mtaa wa studio zake. Ubavuni mwake ipo Spice FM, nayo ya nyumba hiyo hiyo.

Za binafsi zipo Zenj FM, Coconut FM, Chuchu FM, Bomba FM, Hits FM na nyenginezo. Za dini zipo kama Adhana FM na Istiqama FM. Halafu kuna redio za jamii, ambazo watu wa mjini huzisahau: Micheweni kule Pemba, Makunduchi kusini, Tumbatu kaskazini. Juu ya hizo zote zinaingia za Dar es Salaam, na ukiwa Pemba zinaingia za Tanga na Mombasa, lakini hilo lina swali lake huko chini.

Namba za masafa sijaziandika kwa makusudi. Stesheni moja huweza kuwa na namba moja Unguja na nyengine Pemba, na zikihama mnara huhama na namba. Zungusha kidude utazikuta zote kati ya megahezi 87.5 na 108.

Ipi inapiga taarab tu?

Hakuna.

Na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa na ndugu waliokaa nje wakazoea redio za kule: hii ya jazi, hii ya roki, hii ya nyimbo za zamani, usiku na mchana hivyo hivyo. Hapa petu hazikugawika hivyo. Mji ni mdogo, wanaolipia matangazo ya biashara ni wale wale, na msikilizaji ni nyumba nzima, si mtu mmoja mwenye masikio yake peke yake. Stesheni ikijifunga kwenye aina moja ya muziki, bibi akisharidhika kijana anazima, na kijana akisharidhika bibi anahama. Kwa hiyo kila redio inabeba kila kitu, ila inakipanga kwa saa. Usiulize stesheni, uliza saa.

Tofauti ya stesheni na stesheni ipo, lakini ni ya kipimo tu. Moja itakupa taarab saa 2 kwa siku na nyengine nusu saa. Moja ikipiga vijana itapiga wa hapa, nyengine itapiga wa Dar. Za dini ndizo peke yake zilizo na mpaka ulio wazi.

Basi siku inakwendaje, kwa saa?

Alfajiri ni Qur'ani, adhana na mawaidha mafupi. Hapo hata stesheni yenye fujo kuliko zote inakuwa na adabu.

Kuanzia saa 12 na nusu asubuhi watu wako njiani. Watangazaji wawili, mara nyingi mmoja mwanamme na mmoja mwanamke, wanasoma magazeti na kubishana, na katikati zinapita nyimbo fupi fupi za vijana. Muziki wa saa hizo umechaguliwa na dereva wa daladala zaidi kuliko na mtangazaji. Dereva akihama stesheni, watu kumi na tano wamehama naye.

Saa 4 mambo yanatulia. Wa kazini wako kazini, watoto wako skuli, redio imebaki na mwenye nyumba. Hiyo ndiyo saa ya taarab. Pita Kikwajuni au Miembeni kwenye saa 5 za mchana, vichochoroni nyuma ya nyumba: anayekuna nazi yuko kwenye mbuzi wake, redio iko juu ya kabati la vyombo, na wimbo unaweza kuusikia tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho bila ya wewe kuwa na redio. Kila dirisha linakukabidhi kwa dirisha la mbele. Sisi studio tulikuwa tukijua ni saa ngapi bila kutazama ukutani, kwa simu zinazoingia: zikiwa na sauti ya mchi au ya mafuta yanayochemka, ni kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri ni adhana, habari, matangazo. Baada ya chakula zinakuja salamu, na hapo muziki ni chochote atakachoomba mtu. Alasiri ikishapita ni ya vijana na mpira, na Januari kombe la Mapinduzi likichezwa ni mpira mtupu. Magharibi, kimya cha adhana. Kisha, kuanzia kama saa 3 za usiku, redio inashusha sauti: taarab asilia, zilipendwa za dansi, nyimbo za mahaba. Mtangazaji wa usiku anazungumza kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda chako. Mimi zamu hiyo ndiyo niliyoipenda, ingawa mshahara wake ulikuwa ule ule.

Kwa nini wanaikata taarab katikati? Inaniudhi.

Inaniudhi na mimi, na nimeikata mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Taarab asilia haikutungwa kwa saa ya redio. Kuna upigaji mtupu wa ala mwanzoni, kisha mwimbaji anaingia taratibu, ubeti, kipokeo, ala zinajibu, ubeti tena. Dakika 10 si ajabu, na ikipigwa ukumbini huku watu wanakwenda kumtunza mwimbaji, inafika robo saa. Redio ya biashara inauza dakika. Tangazo la duka la saruji limelipiwa lisikike saa 5 na robo, na saa 5 na robo mwimbaji yuko ubeti wa tatu. Fundi mitambo anateremsha sauti pole pole, mtangazaji anasema "tutarudi", na hawarudi.

Ubaya wake ni kwamba fumbo la taarab mara nyingi linafunguka mwishoni. Mshairi anakuzungusha beti mbili tatu, hujui anasema ua, ndege au mtu. Ubeti wa mwisho ndio anaokuonesha mlango. Wimbo uliokatwa kabla ya hapo ni barua iliyochanwa chini, palipoandikwa jina la mwandikaji.

Lakini tusiwalaumu FM peke yao. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurikodi, santuri za wakati ule zilibeba kama dakika 3 kila upande. Wimbo uliokuwa ukikesha mitaani Ng'ambo, hapa mjini, ulilazimika kujikunja. Tangu siku hiyo taarab inagombana na mashine. Aliyeiachia nafasi ni redio ya Raha Leo, iliyokuwa ikiwaingiza waimbaji na wapigaji studio na kuwarikodi wimbo mzima kwenye tepu, na ndiyo maana ukitaka kusikia wimbo wa zamani hadi tamati, ZBC usiku ndiko pa kwanza kujaribu.

Taarab asilia, modern taarab, rusha roho: nini tofauti?

Asilia ni ile ya vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club, cha 1958. Ala zake ni udi, kanuni, fidla nyingi, akodioni, dumbaki. Watu wamekaa. Mwimbaji amesimama hatikisiki, na anayeguswa na ubeti anainuka kwenda kutunza.

Modern taarab ilikuja juu miaka ya 1990 na kinanda cha umeme na gitaa la besi. East African Melody waliitia moto, baadaye Jahazi ya Mzee Yusuf. Humo mafumbo yamepungua na vijembe vimezidi. Ugomvi wa Khadija Kopa na Nasma Khamis jukwaani ulijaza kumbi. Rusha roho ni jina la kazi yake: inamrusha roho mwenzio. Ni muziki wa kusimama na kucheza, sio wa kukaa.

Redioni tofauti unaijua kwa saa, tena bila kusikiliza maneno. Mchana wa jikoni mara nyingi ni modern. Usiku wa manane ni asilia.

Zenji flava si bongo flava tu?

Ukimwambia kijana wa Mwanakwerekwe hivyo mtagombana. Kitaalamu ni jamaa mmoja: mdundo wa kompyuta, kurap, kuimba, Kiswahili. Lakini wa hapa mara kwa mara wanachota kwenye kisima cha hapa. Kundi la Offside Trick waliimba na Bi Kidude, naye keshakuwa bibi kizee. Msanii AT ameutembeza mdundo wa mduara hadi Bara. Ukiusikia wimbo wa vijana, halafu ngoma ya chini inakwenda kama harusi ya mtaani kwenu, hiyo ni zenji flava hata kama aliyeimba anaishi Dar.

Malalamiko ya wasanii ni kwamba stesheni za nyumbani zinawapiga wa Bara zaidi. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Sababu si chuki. Wimbo wa Dar unafika studio umeshapikwa, video ipo, watu wanauomba kwa simu. Wa hapa unafika ndani ya simu ya rafiki, sauti imepasuka, jina la faili ni "mpya mpya mwisho 2".

Nyimbo za Kihindi na za Kiarabu mbona bado zinapigwa?

Kwa sababu zinaombwa. Wazazi wetu walikua na sinema za Kihindi, na watu wazima wanaoimba wimbo mzima wa filamu bila kujua neno moja la Kihindi ni wengi kuliko unavyofikiri. Za Kiarabu, za Misri hasa, ni mizizi ya taarab yenyewe.

Na ngoma za asili, kidumbaki, kibati, msewe? Sizisikii.

Huzisikii kwa sababu ya kipaza sauti, naamini. Kidumbaki ni ngoma mbili ndogo, mkwasa, fidla na sanduku, lile kasha la mbao lenye waya mmoja linalofanya kazi ya besi. Ukilirikodi vibaya, sanduku linakuwa mngurumo na mkwasa unakuwa mikwaruzo. Kibati cha Pemba nacho ni cha majibizano, watu wanarushiana maneno papo hapo kwa kasi, na utamu wake upo kwenye nyuso zao. Siku niliyojaribu kurikodi msewe kwa simu nilirudi studio na dakika 20 za upepo.

Redio za jamii zinajitahidi kidogo. Za mjini huzipiga kwenye wiki ya sherehe za Mapinduzi na kwenye Mwaka Kogwa, Julai, kisha hadi mwakani.

Ramadhani redio zinabadilika vipi?

Zinageuka juu chini. Nyimbo za mapenzi zinawekwa kabatini, rusha roho haithubutu. Zinaingia kasida, darsa, maswali na majibu ya dini kwa simu, mapishi ya futari. Saa zenyewe zinahama: asubuhi inapoa, usiku baada ya tarawehe unachangamka, na vipindi vinakwenda hadi daku. Usiku wa kutafutwa mwezi hakuna stesheni yenye wasikilizaji wengi kuliko ile iliyo na mtu anayesubiri tangazo la Ofisi ya Mufti. Mwezi ukitangazwa kuandama, nyimbo za Idi zinaruka hewani kabla mtangazaji hajamaliza sentensi.

Kwa nini siku nyengine adhana inakuja redioni kabla au baada ya msikiti wa mtaani?

Kwa sababu ya watu kama mimi.

Stesheni nyingi siku hizi zinaendeshwa na kompyuta. Unapanga orodha: wimbo, tangazo, wimbo, adhana, na kila kitu kinajicheza. Lakini jua halifuati orodha. Hapa kwetu Magharibi ya Februari inaingia karibu na saa 12 na dakika 45, na ya Mei inaingia kama saa 12 na robo. Nusu saa nzima. Mimi nilikuwa nimepanga orodha nzuri sana ya Februari, na Mei nikaivuta ile ile kwa uvivu nikabadilisha nyimbo tu. Nikatoka nje kunywa chai.

Msikiti wa nyuma ya studio ukaadhini. Ndani, kompyuta ikaendelea na rusha roho, tena ule wa vijembe vikali, kwa mji mzima. Nilipanda ngazi mbili mbili. Simu ya studio ilikuwa ikilia, nikadhani ni mkurugenzi. Alikuwa mama yangu. Hakuniita jina, alisema tu, "Wewe ndiye uliyepo zamu?" akakata.

Tangu hapo nikabandika kalenda ya sala juu ya kioo cha kompyuta. Sasa zipo programu zinazojirekebisha zenyewe, lakini fundi mvivu hakosi njia.

Matangazo ya vifo bado yapo?

Yapo, na kwa wazee wengi ndiyo sababu ya kuwa na redio. Jina la marehemu, ukoo wake, mtaa, sala wapi, mazishi wapi, na orodha ndefu ya jamaa wanaoarifiwa "popote walipo". Kwa mtu wa shamba ambaye simu yake imezimika, ndiyo khabari yenyewe. Fundi mitambo anafundishwa mapema: kabla na baada ya tangazo la kifo hapapigwi wimbo wa mbio. Dakika ya kasida au ala tupu, ndipo mambo yaendelee.

Watangazaji wa FM mbona Kiswahili chao si cha hapa?

Mzee mmoja wa baraza la Jaws Corner alinambia, "Kiswahili cha dunia kimeazimwa kwetu, na watoto wetu wanakiazima tena Dar." Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hivyo uchungu wake naufahamu. Kijana akikaa mbele ya kipaza sauti anaona haya kusema "skuli", "leo hii hujambo weye", anavaa lafudhi ya Kariakoo kama anavyovaa miwani ya jua. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, wanasema, wazee wanapiga simu, haisaidii sana. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni moja: mpe mtangazaji huyo kipindi cha mchana cha kina mama wanaopiga simu. Mwezi haupiti, keshaanza kusema "khaswa".

Niko Pemba. Kwa nini naipata Mombasa na Tanga wazi, na stesheni ya mjini Unguja inakoroma?

Tazama ramani kabla hujaigombeza redio. Kutoka Wete hadi Tanga ni kama kilomita 70, tena bahari tupu. Kutoka Chake Chake hadi mjini Unguja inapita 100. Jirani yako wa mawimbi si yule unayempigia kura.

Mawimbi ya FM hayapindi. Yanakwenda kama macho yanavyokwenda, na dunia ni mviringo, kwa hivyo mbele kidogo yanapita juu ya kichwa chako. Mnara wa mita 50 kwenye ardhi tambarare unafika kama kilomita 35 kwa redio iliyo mkononi mwa mtu. Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60 za barabara, ndiyo maana hata hapa hapa Unguja wa Nungwi na wa Makunduchi wanalalamika. Ukitaka kufika mbali, panda juu: mnara mrefu au kilima, na sisi vilima vyetu vya Unguja ni vya kujikaza. Pemba ina vilima vingi vyenye mabonde katikati, basi mtu wa juu anasikia na wa bondeni, nyumba ya tatu tu kutoka hapo, hasikii kitu. Stesheni zinazotaka Pemba hulazimika kujenga mtambo Pemba kwenyewe.

Kuna siku napata redio za mbali kabisa, siku ya pili hazipo. Nini hicho?

Ni kaskazi. Kwenye miezi ya joto, bahari ikiwa shwari, hewa ya moto inakaa juu ya hewa baridi yenye unyevu iliyoganda usoni mwa maji. Baina ya tabaka hizo mawimbi yanajibanza na kwenda mbali kama maji kwenye mfereji. Jioni hasa. Upepo ukivuma vizuri, mfereji unavunjika.

Ubaya ni kwamba stesheni ya mbali huja kukaa juu ya namba ya stesheni yako. FM ina tabia: mwenye nguvu humeza mnyonge, hachanganyiki naye. Ndiyo unasikia mawaidha, mara ghafla nusu dakika ya gitaa la Mombasa, kisha mawaidha tena. Hakuna aliyeingilia mitambo. Subiri upepo.

Antena yangu imevunjika, nifanyeje?

Waya wa shaba wa sentimita 75 hivi, umenye ncha, ufunge kwenye kisiki cha antena, uusimamishe karibu na dirisha. Urefu huo unalingana na robo ya wimbi la katikati ya FM. Ukiweka waya wa mita tano si lazima usikie zaidi. Pia zima taa za LED za bei rahisi na uchomoe chaja za simu zilizo karibu, nyengine zinapiga kelele kuliko stesheni.

Simu yangu inataka waya wa masikioni ndipo redio iwake. Kwa nini?

Waya wenyewe ndio antena.

Redio za jamii zina tofauti gani na za kawaida?

Hazitafuti faida, na wengi wanaofanya kazi humo ni vijana wa kujitolea wa hapo hapo. Muziki ni kidogo, maneno ni mengi: mwani umeoza, bei ya karafuu ZSTC, shirika la Serikali linalozinunua, bahari leo ikoje, kisima kimeharibika, nani kaona ng'ombe mwenye baka jeupe. Lafudhi utakayoisikia ni ya pale. Mtu wa mjini akisikiliza redio ya shamba mara ya kwanza anacheka, mara ya pili anaomba atafsiriwe, mara ya tatu keshajua bei ya mwani.

Tatizo lao ni umeme na mafuta ya jenereta. Mtambo ukiungua, mchango wa kununua kifaa unaweza kuchukua miezi.

Nataka nyimbo yangu ipigwe. Nianze wapi?

Iandikishe kwanza Ofisi ya Hakimiliki, COSOZA, na ujue kuwa mambo ya maadili ya sanaa yana baraza lake, BASSFU. Kisha peleka faili safi, si lililopita kwenye makundi kumi ya simu. Andika jina lako, jina la wimbo, mtunzi, aliyerikodi na namba ya kukupata. Kama una matusi ya mafumbo, toa nakala ya pili isiyo nayo, maana ya kwanza haitapigwa mchana.

Mchague mtangazaji kwa saa yake, si kwa umaarufu wake. Wimbo wa taratibu ukimpa wa asubuhi umeuzika. Mpe wa saa 3 za usiku.

Na ile "chai"? Ipo. Nimefanya kazi pahala ambapo mwenzetu mmoja alikuwa na bei zake kabisa, wiki moja kadhaa, mwezi kadhaa, na wasanii wakilipa kwa pesa ya kuuzia pweza. Usilipe. Wimbo unaopigwa kwa chai unazimika chai ikipoa, na wasikilizaji wanajua, wanahama.

Leseni inatoka kwa nani?

Utangazaji wa Zanzibar unasimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 1997. Masafa yenyewe, kwa kuwa mawimbi hayajui mpaka wa Bara na Visiwani, yanapangwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwenye kutaka kufungua redio ajiandae kugonga milango miwili.

Zamani babu akisema Zanzibar inasikika hadi Ulaya. Kweli?

Kweli, ila si kwa FM. Ilikuwa kwa mawimbi mafupi, kutoka mtambo wa Dole, kilohezi 11,735. Mawimbi mafupi yanagonga anga na kurudi chini, yanaruka bara na bahari. Kulikuwa na watu Ulaya na Japani waliokuwa wakikesha kuitafuta Zanzibar, wakaipata katikati ya kanuni na fidla, kisha wakaandika barua kuomba kadi ya kuthibitisha kuwa wameisikia. Hao walikuwa wakisikiliza wimbo hadi mwisho.

Mgeni wangu ana siku moja tu mjini. Asikilize nini?

Mpandishe daladala ya Bububu saa 1 asubuhi. Mkae kwa mtu anayepika saa 5. Usiku mpe redio ndogo, akae juu ya paa, aizungushe taratibu hadi apate fidla. Asiulize jina la stesheni.

Bibi yangu anataka redio mpya. Ninunue ipi?

Ya kuzungusha kwa mkono, si ya kubonyeza. Zile za kubonyeza zikikatika umeme zinasahau, naye hataona vijinamba. Hakikisha inakubali betri kubwa na ina mkanda wa kuning'inizia. Ukifika nyumbani, kaa naye, tafuta stesheni yake ya vifo na stesheni yake ya taarab, kisha utie alama kwenye kioo: moja kwa rangi ya kucha nyekundu, moja kwa nyeupe. Bibi yangu mimi alikataa rangi ya kucha, akasema hiyo ni ya wari. Alibandika punje mbili za mchele kwa gundi, akawa anazitafuta kwa kidole gizani.